Shangingi Lisilorudi Nyuma

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba jina lenyewe liko matengenezoni. Kamati ya Jina la Taifa ililichukua tangu masika yaliyopita kwenda kulipiga rangi, na mpaka leo hawajalirudisha, kwa hiyo tunaishi hivihivi. Lakini ukifika utaijua. Ndiyo ile nchi ambayo magari ya wakubwa hayana rivasi.

Jambo hilo huwashangaza wageni, nami nashangaa wanashangaa nini. Siku ya kuapishwa, kiongozi wetu, Baba Mlezi, aliahidi mbele ya umati kwamba chini yake taifa halitarudi nyuma hata hatua moja. Waziri wa Barabara wa wakati ule, mtu mtiifu mno, alitoka uwanjani moja kwa moja mpaka gereji na kuamuru rivasi ing'olewe kwenye gari la Baba Mlezi. Mawaziri wenzake waliposikia wakaona haya kubaki na za kwao. Tangu hapo mkubwa akifika mahali pasipopitika harudi. Hungoja hapohapo, king'ora kikilia, mpaka njia ipatikane mbele. Ndiyo maana mjini kwetu kuna barabara zinazopita sebuleni kwa watu, na wenye sebule wameshazoea, hunyanyua miguu gari likipita.

Mimi ni Shebe, Afisa Mikao wa Ikulu. Kazi yangu ni kupanga nani katika familia ya Baba Mlezi akae siti ipi garini, nani asikae karibu na nani, na nani asimwone nani mpaka wafike. Ni kazi nyeti. Mtaani wananiita Mzee wa Viti, na hunicheka kwamba mkalisha watu mwenyewe hajui kukaa. Ni kweli, sikai. Hata nyumbani nazunguka tu: nachungulia dirishani, nashika kikombe naweka, naenda mlangoni narudi. Mke wangu, Tunu, husema ipo siku atanifunga kamba kwenye mguu wa kitanda.

Utauliza familia kubwa namna ile inahitaji gari moja la nini, si wagawane? Waligawana zamani. Mwaka mmoja, siku ya Sikukuu ya Taifa, gari la pili likatangulia kufika uwanjani, na ndani alikuwemo shemeji yake Baba Mlezi. Bendi ilikuwa imefundishwa kupiga gari likiingia, ikapiga. Shemeji akashuka, akapokea saluti, akaipenda. Ilichukua muda mrefu kumshusha jukwaani. Sasa ni balozi wetu katika nchi ambayo bado tunatafuta iko wapi, na sheria inasema familia yote ipande gari moja.

Gari lenyewe lilikuwa shangingi la kati, na familia ilikuwa imelizidi kimo. Wake wamo, watoto wamo, watoto wa watoto wamo, na mama yake Baba Mlezi, tunayemwita Bibi wa Taifa, hasafiri bila jiko lake la mkaa. Tulikuwa tukipakatana. Katika ziara moja mtoto mmoja wa kiume alisahaulika sheli huko mkoani, na tulipomrudia tukakuta keshakuwa mkuu wa wilaya. Mama yake alifurahi, lakini Baba Mlezi alisema basi, linunuliwe gari lingine.

Ndipo ikaundwa Kamati Maalumu ya Urefu.

*

Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wa Barabara wa sasa, Mheshimiwa Fumbuka, mtu ambaye akisimama kusema hata saa ya ukutani hukata tamaa. Mtaalamu alikuwa Dakta Mtitiri, aliyesomea Urefu ng'ambo. Upana aliusoma juujuu. Kona ni somo la mwaka wa mwisho, naye aliitwa nyumbani kuteuliwa kabla hajafika huko. Mimi niliingizwa kwa ajili ya kutoa maelezo ya siti, na nikaambiwa nisimame karibu na mlango.

"Ndugu wajumbe," alianza Mheshimiwa Fumbuka, "watu wa nje watadhani tumekutana kuchagua gari. Hatuchagui gari! Tunachagua baina ya taifa la kati na taifa refu. Shangingi la kati, ndugu wajumbe, ni zuri, linaingia gereji, linapinda vizuri. Lakini je, tulipigania uhuru ili tupinde?"

Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akanigeukia. "Afisa, familia ina watu wangapi?"

"Mheshimiwa, hiyo ni siri ya taifa."

"Najua ni siri. Nakuuliza kwa siri."

"Hata mimi siijui, Mheshimiwa. Huwa nawakalisha tu. Kuwahesabu kunahitaji kibali."

"Basi tutachagua gari la kuwatosha watu ambao hatujui idadi yao," alisema, akageukia wajumbe. "Hapo ndipo utaalamu unapohitajika."

Dakta Mtitiri akasimama, akasema kitaalamu kwamba idadi isiyojulikana huingia vizuri zaidi katika kitu kirefu. Hakuna aliyempinga. Mimi nilikuwa nimeshabadilisha mguu wa kusimamia mara nyingi hata mlinzi akanikazia macho.

Hata hivyo haki ilitendeka, na magari yote mawili yakaletwa kujaribiwa kwenye bustani ya Ikulu. Tukaanza na la kati jipya. Nilipanga kwa akili zangu zote: wakubwa mbele, wachokozi mbalimbali, wanaotapika dirishani. Siti za nyuma kabisa magoti yaliwafika watu masikioni. Mke mkubwa, Mama Mwakilishi, akagoma mguu mmoja ukiwa nje.

"Mimi sikai nyuma ya mtu aliyeolewa juzi. Mwambieni ashuke anipishe, au nishuke mimi na bendera yangu."

Bibi wa Taifa, aliyepewa nafasi kwenye buti, aliuliza kutoka huko nyuma, "Mwanangu, hiki mmeninunulia gari au kapu la dagaa?"

Kisha likaletwa refu la ziada. Lilianza kuingia getini asubuhi, na tukapata chai tukilisubiri liishe kuingia. Familia yote ilipanda, tena kwa nafasi. Jiko la mkaa likapata siti yake. Dereva akipiga breki, waliokaa nyuma walikuwa wakiyumba baadaye kidogo, habari ikishawafikia. Yalinyesha manyunyu, na wa siti za mbele wakawa wameshatoka juani wakati wa nyuma bado wanapandisha vioo. Baba Mlezi alikaa katikati, akageuka, hakuona mwisho wa watu wake, na machozi yakamlengalenga.

"Hili," alisema. "Hili ndilo."

Mimi nilifurahi kama mtumishi mwingine yeyote. Furaha hiyo niliibeba mpaka kwenye kikao cha mwisho, Dakta Mtitiri alipotandaza ramani.

*

Kutoka Ikulu hadi Uwanja wa Sikukuu kuna barabara moja tu, na barabara hiyo ina kona moja tu. Kona iko mtaani kwetu. Na kwenye kona ipo zahanati ya wazazi, nyumba ya bati yenye benchi nje, ya mkunga mmoja anayeitwa Bi Sihaba.

Shangingi la kati hupinda pale kwa mkupuo mmoja. Refu la ziada lilitakiwa kwenda mbele, kisha, samahani kwa neno hili, kurudi nyuma kidogo, kisha kwenda mbele tena. Dakta aliliandika neno hilo kwenye karatasi na kuigeuza kifudifudi, wala hakulitamka.

"Kona ni ya nani?" aliuliza Mheshimiwa Fumbuka.

"Ya zahanati, Mheshimiwa."

"Basi zahanati imekaa vibaya."

Lazima niwaambie hapa kwa nini mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, maana si kawaida yangu. Tunu alikuwa na mimba kubwa, na kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine. Mtaa wetu uko upande mmoja wa barabara, Hospitali Kuu upande wa pili, na msafara ukitarajiwa barabara hufungwa tangu alfajiri. Uchungu ulimshika Tunu siku ya msafara. Waziri wa Afya alikuwa akienda kufungua semina ya kuokoa watoto wachanga, na semina ile, nasikia, ilifana sana. Sisi tulisubiri kando ya kamba mpaka ikawa hakuna haja tena ya kuvuka. Mtoto alikuwa wa kiume. Baada ya hapo Bi Sihaba akahamishia kitanda chake upande wetu, pale konani, akasema hakuna mwanamke mwingine atakayesubiri gari.

Hayo yote sikuyasema. Nilisema tu, "Mheshimiwa, tukichukua la kati, wanaweza kupakatana kidogo."

Mheshimiwa Fumbuka alinitazama kwa huruma. "Afisa Shebe, unataka taifa lipakatane?"

Nikashusha mkono. Kamati ikapitisha kwa kauli moja, na katika kauli hiyo nilikuwemo.

Jioni nilipeleka habari mwenyewe. Bi Sihaba alikuwa anaanika mashuka.

"Waambie mimi sikujenga barabarani," alisema. "Barabara ndiyo imenifuata."

"Bibi, mimi ni wa siti tu."

"Ndiyo, baba, najua. Kila niliyemuuliza ni wa kitu fulani tu."

Tunu naye nilimkuta amekaa kizingitini, ameshika kiuno. Hakupiga kelele. "Sasa huyu nitamzalia wapi, Shebe?" aliuliza. Nikazunguka chumba. Nikafungua dirisha, nikafunga.

Katapila lilikuja na bendi. Mheshimiwa Fumbuka aliwaambia kina mama waliokuwa kwenye benchi kwamba huduma haijafutwa, imenyooshwa. Wakashangilia wale walioletwa kushangilia. Hata benchi lilichukuliwa, kwa usalama.

*

Sasa, serikali yetu ni kubwa, na Wizara ya Barabara haisemezani na Wizara ya Minara tangu walipogombania eneo la kuegesha. Wizara ya Barabara iliponyoosha kona, Wizara ya Minara ikaona tukio kubwa namna hiyo haliwezi kupita bila kumbukumbu. Ikajenga Mnara wa Kusonga Mbele: mwanamume wa shaba amenyoosha kidole, juu ya kitako kikubwa chenye magurudumu ya mapambo. Wakatafuta mahali ambapo picha ya gari na mnara ingetoka vizuri, na mahali hapo pakawa katikati ya njia mpya. Usiku wa kuamkia Sikukuu wakausimika.

Asubuhi yake tuliondoka Ikulu familia nzima. Afisa Mikao hana siti, kwa hiyo nilikuwa nimechutama baina ya safu, nikinyanyuka na kuchutama, nikitazama vioo vile vya giza ambavyo wa ndani huona nje na wa nje hawaoni kitu. Nilimwacha Tunu analalamika mgongo. Nilijiambia mgongo ni mgongo tu, lakini nilikuwa najidanganya na nilijua.

Tuliingia kwenye njia mpya kwa madaha. Pua ya gari ikafika kwenye mnara ikasimama. Mkia wake ulikuwa umebaki kule nyuma, umeziba kivuko cha watu, pale pale pa kuendea Hospitali Kuu. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Kugusa mnara ni kosa la jinai. King'ora kikalia, kikalia, na shaba haina masikio.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Baba Mlezi.

"Hatujasimama, Baba," alisema Mheshimiwa Fumbuka. "Tunaongoza kutoka mahali pamoja."

Nilikwenda nyuma kutuliza watoto, nikaangalia dirishani, na hapo kwenye kivuko nikaiona bajaji. Ndani alikuwemo Bi Sihaba na kanga ya Tunu, ile ya njano, na Tunu mwenyewe kichwa amekilaza begani kwa mkunga, mdomo wazi. Askari alikuwa amewanyooshea mkono wasubiri. Tunu alikuwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwangu. Nilibisha hodi kwenye kioo kama mjinga. Hakuniona.

Nilirudi mbele nikikanyaga watoto wa kiongozi. "Mheshimiwa, kuna mama anajifungua. Tufungue milango miwili, huu na ule, apitishwe humu ndani, atokee upande wa pili."

"Gari la Taifa si daraja, Afisa."

"Ni mke wangu."

"Hongera. Lakini milango hufunguliwa tukifika."

"Hatutafika!" nilisema kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani. "Hatutafika, Mheshimiwa, hamuoni?"

Kutoka kwenye siti ya jiko Bibi wa Taifa akasema, "Kijana huyo mpisheni. Mimi nilizaa njiani, najua." Lakini Bibi hana cheo, na hakuna aliyeyaandika maneno yake.

Nikafungua mlango.

Sijui niwaeleze vipi. Hakikutokea kitu. Nilidhani ingelia kengele au ningeanguka nife, lakini palikuwa na jua tu na vumbi, na watu wa mtaa wetu wamejazana pembeni na vibendera vyao. Nikakimbia mpaka mbele ya gari, nikaweka mikono kwenye boneti, nikasukuma. Halikutikisika. Nikasukuma tena huku nalia, nasema wazi, nilikuwa nalia.

Bi Sihaba aliniona. Alimwacha Tunu mikononi mwa jirani mmoja akaja amejifunga kanga kiunoni, na nyuma yake wale kina mama wa kwenye benchi, wengine wana mimba, wengine wamebeba waliozaliwa palepale konani. Wakaja vijana wa bajaji, na muuza mihogo akaacha moto wake.

"Mzee wa Viti, usisukume kama unabembeleza!" alifoka Bi Sihaba. "Haya, wote! Sukumaaa!"

Askari walitazamana. Kulizuia gari kuna sheria, kulitukana kuna sheria, kulitazama sana kuna sheria. Kulisukuma hakukuwa na sheria, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaza jambo hilo. Mmoja akapiga saluti kwa tahadhari.

Likatikisika. Kisha, taratibu, pua ikaachana na mnara.

Ndani, nimeambiwa baadaye, Baba Mlezi aliuliza, "Tunakwenda?" Mheshimiwa Fumbuka akajibu, "Tunakwenda, Baba," na hakuongeza kitu. Baba Mlezi akasema alikuwa amehisi. Watoto wa siti za nyuma, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wametangulia, walishangilia mpaka sauti zikawakauka.

Sherehe zilikuwa zinatangazwa moja kwa moja, na mtangazaji wa taifa aliyaona yote kutoka kwenye dungu lake. Alisogeza kipaza sauti. Kisha akasema kwa sauti ileile nzito tunayoipenda: "Na sasa, ndugu wananchi, mnaushuhudia Mnara wa Kusonga Mbele ukianza kusonga mbele, kama ulivyokusudiwa."

Nchi nzima ikapiga makofi. Tukasukuma mpaka pua nayo ikakipita kivuko, kivuko kikawa wazi, na bajaji ikapita.

*

Ni msichana, analia kwa nguvu, na Tunu hajambo. Alizaliwa kwenye korido ya Hospitali Kuu, hatua chache tu ndani ya mlango, na nilipofika nimejaa vumbi nilikaa chini sakafuni. Nesi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimekaa tu.

Nimehamishiwa Wizara ya Misitu, kitengo cha mikao, ambacho hakina viti. Mheshimiwa Fumbuka ametunukiwa nishani kwa kuusogeza mnara. Dakta Mtitiri amerudishwa ng'ambo kumalizia Kona, na inasemekana gari refu zaidi limeshaagizwa, maana familia imeongezeka. Zahanati haijajengwa upya. Bi Sihaba ameweka kitanda chake sebuleni kwetu, na barabara ikija kumfuata huko tutaona.

Serikali, lakini, haikulala. Wizara ya Barabara imeleta sheria mpya, na pale palipokuwa na zahanati imesimika kibao chenye maandishi mekundu: NI MARUFUKU KUSUKUMA GARI LA TAIFA. Vibao kama hicho vimepelekwa kila mkoa, hata mikoa ambayo watu wake hawajawahi kuliona gari lenyewe. Huko, nasikia, watu husimama mbele ya kibao muda mrefu wakisoma, kisha hutazamana.

Juzi Bi Sihaba alikuwa anamkanda mtoto wetu sebuleni, mlango wazi, wapita njia wengi. Aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza.

"Nilidhani gari lile ni zito," alisema. "Miaka yote hii, Shebe, nilidhani ni zito."

Nikamwomba apunguze sauti. Hakupunguza.